Nilivyokisingizia Kibuyu cha Namelok

Asubuhi ile nilifagia uwanja mara tatu. Mara ya kwanza kwa sababu ulikuwa mchafu. Mara ya pili kwa sababu kuku walikuwa wamepita. Mara ya tatu sikuwa na sababu, ila mikono ilikataa kutulia. Mjukuu wangu Eva alikuwa anatoka hospitali na mtoto.

Eva ni binti wa mwanangu wa kwanza, Martini. Mama yake alifariki Eva akiwa na miaka minne, Martini akapata kazi Loliondo, mimi nikabaki na mtoto. Alipoolewa na Fabian, dereva wa magari ya watalii pale Karatu mjini, nilianza kufuma vikofia vidogo. Mimba ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Vile vikofia nikavitia chini kabisa ya sanduku nikanyamaza, maana kuna maneno ambayo ukimwambia mwanamke wa namna hiyo unamwongezea tu machungu. Sasa hii ya tatu ilikaa, ikafika, akazaliwa mtoto wa kike, kilo tatu na robo, na walikuwa wanaletwa kwangu nimtunze mzazi mpaka apate nguvu. Wewe ungetulia?

Fabian naye alikuwa amejiandaa. Wiki mbili kabla ya hapo alikisafisha kile chumba changu cha kuwekea mahindi, kilichopakana na chumba cha kulala, akakipaka rangi, akaniwekea meza, jiko la gesi la plate mbili na mtungi wake chini.

"Moshi wa kuni si mzuri kwa mtoto mchanga, bibi," aliniambia. "Na macho yako yamelia machozi ya kuni miaka yote hii. Inatosha."

Nilimtazama kijana wa watu, anapakia watalii kutwa nzima, akirudi bado anafikiria macho yangu. Mungu ampe.

Akanionyesha. "Unabonyeza, unazungusha, unawasha. Ukimaliza unarudisha hivi. Halafu unafunga na hapa, kwenye mtungi. Umeelewa, bibi?"

"Nimeelewa."

Nilielewa kuwasha. Ule moto ulikuwa wa bluu, hauna moshi, hauna majivu, umesimama wima kama askari. Kabla hajamaliza kusema, mimi nilikuwa mlangoni nikiwaita majirani waje wauone. Maneno ya kuzima niliyasikia kwa sikio moja.

Basi siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa saba, na wanaojua Karatu wanajua baridi ya mwezi wa saba. Ukungu ulishuka kutoka msitu wa Ngorongoro ukafunika migomba, manyunyu hayakatiki. Nilifunga madirisha yote. Penye upenyo nikasokomeza vipande vya kitenge, nikahakikisha hata nzi hapiti. Mtoto wangu hatapigwa na baridi, nilijisemea.

Saa nne Namelok akafika. Namelok alizaliwa Malambo, lakini kwa miaka mingi sasa boma lake liko ng'ambo ya korongo, na mimi na yeye tumezeeka tukitaniana. Alikuja amejifunika shuka mbili, kibuyu cha maziwa kimening'inia begani.

"Takwenya!" nikamsalimu kwa lugha yake.

"Iko! Heee, Mama Martini, leo umeongea Kimasai kama ng'ombe anayetafuna mfuko."

"Ng'ombe gani? Wale ambao babu zenu walituibia sisi Wambulu?"

"Hatukuiba. Ng'ombe wote Mungu alitupa sisi. Tulikuwa tunachukua vyetu." Akacheka mpaka akaegemea mlango. "Haya, yuko wapi mzazi? Nimemletea maziwa ya yule ng'ombe mwekundu. Sijauza hata kikombe. Yote ni yake."

Yule ng'ombe mwekundu ndiye anayemlisha Namelok. Nilipokea kibuyu kwa mikono miwili. Kilikuwa kizito, kimejaa hadi shingoni. Nikamimina sufuria nzima, nikabandika jikoni, nikabonyeza, nikazungusha, nikawasha kiberiti. Namelok alirudi nyuma hatua moja moto uliposema puu.

"Mama Martini, huu moto hauna kuni."

"Ndiyo maendeleo, mama. Ninyi bakini na mavi ya ng'ombe."

Maziwa yalikuwa yameanza kupiga povu pembeni nilipoisikia honi ya gari la Fabian. Piii, piii, piiii! Nani angebaki jikoni? Nilitoka mbio na mwiko mkononi, mimi mwenye magoti mabovu, Namelok nyuma yangu, vigelegele vyetu vikipasua ule ukungu. Eva alishuka polepole, kajifunga kanga mbili, uso umepauka lakini unacheka. Akanipa mtoto. Kalikuwa kamelala. Kapua kadogo, ngumi imeshika hewa. Nilijaribu kuimba, sauti ikakataa, nikabaki nacheka na kulia.

"Bibi, twende ndani, baridi," Fabian alisema, akaushika mkono wangu ili nisiteleze kwenye tope.

Tulipoingia nilikumbuka maziwa. Nilimrudishia Eva mtoto nikakimbilia jikoni. Yalikuwa yamefurika, yametiririka juu ya jiko lote, na moto umezimika. Nikashukuru. Afadhali umejizima wenyewe, nilisema, yangeungua yote. Miaka yote nimepikia kuni, na kuni zikimwagikiwa zikazimika, basi zimezimika. Hakibaki kitu ila majivu. Nikapangusa meza, nikamimina yaliyobaki kwenye kikombe kikubwa, nikarudi chumbani kwa furaha zangu. Jiko sikuligusa.

Kati ya jikoni na chumba cha kulala hapana mlango. Kuna pazia tu.

Fabian alirudi mjini kununua nepi na dawa. Sisi wanawake watatu tukabaki kitandani tumemzunguka mtoto. Namelok alimtemea mate kidogo kifuani, ndiyo baraka ya kwao, akamwambia maneno marefu ya Kimasai ambayo aliyatafsiri kwa neno moja: "Ishi." Mimi nilimvisha kofia moja, nikaivua, nikamvisha nyingine. Eva alikuwa anatutazama kama anayetazama sinema.

Baada ya kitambo akakisogeza kikombe pembeni.

"Bibi, kuna kitu kinanuka."

"Nepi?"

"Hapana. Kama... sijui. Kama kitu kimeoza. Nadhani ni maziwa. Samahani, mama Namelok, siwezi kuyanywa. Kichwa kinaniuma."

Nikanusa. Kweli. Ilikuwa harufu kama ya gunia la vitunguu vya Mang'ola lililonyeshewa likasahauliwa kwenye stoo. Nikanusa tena, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo hadi leo linanitia aibu. Nilimgeukia rafiki yangu, aliyeninyima usingizi kwa wivu juu ya usafi wa vibuyu vyake, nikasema:

"Namelok, kibuyu chako hukukifukiza vizuri."

Asiyeishi na Wamasai hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Mwanamke wa Kimasai hukisafisha kibuyu kwa kijinga cha moto cha mzeituni wa porini, wao huuita oloirien. Anakitumbukiza ndani kikiwa chekundu, anatikisa, anasugua, moshi unakausha uchafu wote, na maziwa yanakaa siku nyingi bila kuharibika. Kumwambia kibuyu chake kinanuka ni sawa na kumwambia hajui kuoga.

Namelok akasimama.

"Rudia."

"Nasema labda haraka ya safari..."

"Mimi? Kibuyu changu? Mama Martini, wewe uliyekula kwangu? Ninyi Wambulu mnaohifadhi maziwa kwenye ndoo ya plastiki ya rangi, leo mnanifundisha kufukiza?"

"Mama Sakaya, usipandishe sauti, mtoto amelala."

Nilimwita kwa jina la mwanawe, Sakaya. Tukifikia hapo ujue mambo yameharibika.

"Sipandishi," alisema, sauti ikipanda. "Jiko lako la kuni kule nje lina moto?"

"Lina moto, kuna maji ya kuoga mzazi."

"Na fito za oloirien nilizokuletea Pasaka bado zipo?"

"Zipo juu ya dari ya jiko."

"Basi ngoja. Nitakifukiza hapahapa mbele ya macho yako na ya huyu mtoto, moshi ujae nyumba nzima, tuone kitakachonuka." Akatoka amekaza shuka, na mimi nikamruhusu. Tena nikaongeza, "Fukizia huku ndani, nje kuna manyunyu." Moshi wa oloirien ni mtamu. Nilidhani utaiondoa ile harufu.

Nikakichukua kibuyu nikaenda nacho jikoni kuhamishia maziwa yaliyosalia kwenye sufuria, ili akute kiko tayari. Kule harufu ilinipiga usoni. Nikakifungua kibuyu, nikaingiza pua yote.

Kilinukia vizuri. Moshi, ngozi, majani makavu, maziwa ya asubuhi. Hakuna uozo hata chembe.

Nikatoa pua, uozo. Nikarudisha pua ndani, hakuna.

Kile kifuniko cha kibuyu kikaniponyoka, kikabingiria chini ya meza. Nikapiga magoti kukitafuta, na jinsi nilivyoinama ndivyo harufu ilivyozidi, kana kwamba naingia kisimani. Pale chini, kwenye utulivu, nikasikia juu ya kichwa changu kitu kinapumua. Sssssss. Kidogo tu, kama nyoka aliye usingizini.

Niliinuka nikaona kitufe cha jiko. Kilikuwa palepale nilipokizungusha asubuhi. Kimefunguka. Moto ulizimika, lakini kile kilichokuwa kinalisha moto hakikuzimika. Kilikuwa kinamiminika tu, madirisha yamefungwa, nyufa nimezisokomeza kitenge kwa mikono yangu mwenyewe, na mtoto amelala hatua sita kutoka hapo.

Na nje nikasikia ndara za Namelok, chapa, chapa, chapa, zinakuja.

"Namelok!" Sijui sauti ile niliitoa wapi. "Simama! Usiingie na moto!"

Alikuwa ameshafika kizingitini. Kijinga kilikuwa mkononi mwake, ncha nyekundu, kinafuka moshi.

"Umebadili mawazo? Unaogopa kuaibika?"

"Rudi! Rudi nyuma! Kitupe mbali! Ni gesi, Namelok, si kibuyu! Nakuomba kwa Mungu!"

Hili ndilo ninalotaka watu walijue kuhusu Namelok. Nilikuwa nimemtukana muda mfupi tu uliopita. Angeweza kusimama pale aniulize mara ya pili, angeweza kuingia kwa hasira hatua moja tu. Hakufanya hivyo. Alinitazama usoni mara moja, akageuka, akakimbia mbali na mlango, akakitumbukiza kile kijinga kwenye pipa la maji ya mvua. Nilisikia kikilia tsii.

Wakati huohuo Eva akaita, "Bibi kuna nini? Mbona giza, niwashe taa?"

"Usiguse! Usiguse taa, usiguse simu, usiguse kitu chochote! Mchukue mtoto mtoke!"

Sikujua kwamba cheche ya swichi nayo huwasha gesi, nilisema tu kwa hofu. Nikakirudisha kitufe, kile kisauti kikakata. Nikainama kwenye mtungi nikazungusha pale Fabian aliponionyesha. Nikang'oa vitenge, nikafungua dirisha la jiko. La chumbani lilikuwa limevimba kwa unyevu, likakataa. Nikaliegemea kwa bega, wapi. Mara nikaona mkono mwingine wenye bangili pembeni ya wangu. Namelok alikuwa amerudi ndani. Tulisukuma pamoja, likafunguka kwa kishindo, ukungu ukaingia.

"Kwa nini umerudi?" nilimfokea.

"Kwa sababu wewe huna nguvu, mzee wewe. Toka!"

Tukamshika Eva huku na huku, tukatoka hadi kwenye uzio wa minyaa, mbali na nyumba. Namelok alivua shuka yake ya juu, ile nzito, akamfunika mtoto na mama yake, akabaki na nyepesi, manyunyu yanamnyeshea.

Mtoto alikuwa kimya. Nilimfunua uso. Kimya. Nikamgusa shavu kwa kidole baridi. Akakunja uso, akafungua mdomo, akapiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka ndani ya kreta ya Ngorongoro.

"Anatukana!" Namelok alisema. "Sikia anavyotukana! Huyu ataishi miaka mia!"

Tukaanza kucheka, wote watatu, tumekumbatiana pale kwenye minyaa kama wendawazimu.

Eva alimpigia mumewe. Fabian alirudi kwa kasi ambayo sitaki kuisema, na pembeni yake alikaa Mwanamwema, mwenye duka aliyemuuzia jiko lile. Alikuwa amefunga duka siku ya gulio, siku ya biashara kubwa, akaja na kandambili za ndani miguuni.

"Shikamoo bibi. Mtoto?"

"Marahaba. Huyu hapa, analia."

"Alhamdulillahi. Akilia ni vizuri." Hakuingia moja kwa moja. Alisubiri nyumba ipitishe hewa, akauliza maswali, akamwambia Fabian awapeleke mama na mtoto zahanati wakaangaliwe, jambo ambalo sisi kwa wehu wetu hatukulifikiria. Walienda, wakarudi saa nane. Wazima. Kichwa cha Eva kilikuwa kimeshaacha kuuma.

Huku nyuma Mwanamwema aliingia nami. Akachanganya sabuni na maji, akapaka povu kwenye mpira wa gesi na kwenye kichwa cha mtungi, akaangalia kama kuna mapovu yanayovimba. Hayakuwepo.

"Mpira ni mzima, bibi. Ni ule moto uliozimwa na maziwa. Inatokea kwa wengi, hata mjini kwa wasomi."

Najua alisema "hata kwa wasomi" kwa ajili yangu. Nikamshukuru kimoyomoyo.

"Lakini kwa nini inanuka vile?" nikauliza. "Kitu kizuri hivi, moto mzuri hivi, mbona harufu ya uozo?"

"Gesi yenyewe haina harufu, bibi. Haina kabisa. Ile harufu wanaitia kiwandani makusudi, ili ikitoroka pua yako ijue."

Nikakaa chini kwenye gunia. Maana yake kuna mtu mahali fulani, asiyenijua, asiyemjua Eva, alikaa akafikiria: ikitoroka, bibi mmoja atajuaje? Akaitafutia harufu mbaya kuliko zote. Na mimi nikakisingizia kibuyu.

Fabian, aliyekuwa amerudi, akasema kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa na kujaa kuanzia chini. "Kama ukungu unavyolala ndani ya kreta asubuhi, bibi. Juu unaona jua, chini huoni kitu." Akaniomba msamaha kwa kunifundisha haraka. Nilimkatalia. Alifundisha vizuri, mwanafunzi ndiye aliyekuwa mlangoni anaita majirani.

Kulibaki deni moja, nalo halikuwa la Fabian.

Namelok alikuwa amekaa kwenye kigogo chini ya paa la jiko la nje, anaota moto, kibuyu mapajani. Hakuwa amenuna, lakini hakuwa anatania pia, na Namelok asiyetania ni kama mvua isiyolowesha. Kwao, mtu akitaka msamaha hushika majani mabichi mkononi. Nikaenda pembeni ya uzio nikang'oa fungu, nikaja nalo, nikasimama mbele yake.

"Namelok. Kibuyu chako ni kisafi kuliko roho yangu. Nimekosa."

Akayatazama yale majani. Akanitazama mimi. Akayatazama tena.

"Mama Martini."

"Naam."

"Hii ni mbangi mwitu. Magugu. Tunaombea msamaha kwa nyasi, nyasi wanazokula ng'ombe."

"Kwa manyunyu haya hata sioni vizuri..."

"Kalete nyasi."

Nikaenda nikaleta nyasi. Nikiwa nimeinama nilimsikia anacheka nyuma yangu, kwanza puani, halafu kwa mdomo wote. Aliporidhika alizipokea kwa mikono miwili, akanivuta nikakaa naye kwenye kigogo. Alinukia moshi wa oloirien. Nilikaa karibu yake zaidi.

Jioni ilipokaribia, Eva akasema ana njaa. Wote tukatazamana.

"Mimi naweza kupikia kuni," nilisema.

"Hapana," alisema Namelok. "Huo moto umetudharau. Uwashe tena, nami nione."

Tuliingia jikoni wawili. Dirisha wazi, baridi yake acha iingie, mtoto tulimhamishia chumba cha mbele. Nikamimina maziwa yaliyobaki ya ng'ombe mwekundu, nikawasha. Namelok alisimama upande wa mtungi, mimi upande wa sufuria. Uwanjani jirani mmoja alikuja kumpongeza Eva akapiga kigelegele. Hatukutoka. Akaja mwingine. Akaniita jina langu kabisa.

"Nipo jikoni!" nikajibu. "Nisubirini!"

Povu likaanza pembeni, likapanda, likafika mdomoni mwa sufuria.

"Zima," alisema Namelok.

"Nazima."

"Umezima?"

"Nimezima."

"Na huku chini?"

Nikainama, nikafunga mtungi. Yeye akainama pia, magoti yake yakilia kama yangu, akaweka pua karibu na sakafu, akanusa kama paka. Akanyanyuka polepole.

"Mpelekee Eva wako maziwa," alisema.